Bunduki Ilijifyatua

Katika Kiswahili tunachozungumza Buyenzi, na hata katika Kiswahili sanifu tunachofundishwa darasani, ajali ya bunduki ina kitenzi chake: ilijifyatua. Ukikichambua kitenzi hiki kama tulivyozoea kwenye mitihani, utapata kiambishi i- cha ngeli, -li- cha wakati uliopita, -ji- cha kujirejea, kisha mzizi na kiishio. Hicho -ji- ndicho kinachonishughulisha. Kinatuambia kwamba mtenda na mtendwa ni mmoja. Mtoto akijikata, mkono ulioshika kisu ni wake na kidole kilichokatwa ni chake. Sasa bunduki ikijifyatua, nani ameifyatua? Sarufi inajibu bila kusita: bunduki yenyewe.

Katika insha hii nataka kuuliza kama jibu hilo la sarufi ni kweli. Siulizi kwa ajili ya mchezo wa maneno. Kitenzi hicho kimeigawa familia yetu tangu mwaka 2011.

Baba yangu na baba mdogo walitenganishwa na mauaji ya mwaka 1972. Baba, aliyekuwa na miaka saba, alibaki na bibi hapa Bujumbura. Baba mdogo, wa miaka minne, alibebwa mgongoni na jamaa waliokimbilia Tanzania, akakulia katika makazi ya Katumba, karibu na Mpanda. Huko alioa, akalima tumbaku, akapata watoto sita. Wa pili wao, kijana wa miaka 19, ndiye aliyekufa.

Alikuwa amefuatana porini na mzee mmoja jirani aliyekuwa na kibali cha kuwinda. Kazi yake ilikuwa kubeba maji na, kama wangepata mnyama, kubeba nyama. Siku hiyo hawakupata kitu. Jioni walirudi kambini, ndugu yangu akakaa upande wa pili wa moto akisonga ugali. Mzee alitaka kutoa risasi bundukini kabla ya kulala, kama mtu mwangalifu anavyopaswa. Bunduki yake ilikuwa ya zamani, ya aina ambayo komeo lake halifunguki mpaka kwanza uondoe kizuizi cha usalama. Akaondoa kizuizi. Mlio ukasikika. Polisi waliandika maelezo, na maelezo hayo yalisema kwamba bunduki ilijifyatua.

Baba mdogo alisema ni amri ya Mungu. Shangazi, dada yao anayeishi Kamenge, alikataa. "Bunduki haina kidole," alisema. Alitaka mzee yule ashtakiwe; baba mdogo hakutaka. Siku ya kuganduka, yaani kumaliza matanga kwa desturi yetu Warundi, shangazi hakwenda Katumba. Kwa miaka kumi na miwili ndugu hawa wawili walisalimiana kwa kupitia kwa baba yangu tu.

Mimi sijawahi kushika bunduki, wala sitamani. Kwa wazazi wetu hapa Bujumbura neno hilo linakumbusha vita vilivyoanza mwaka 1993. Kwetu sisi vijana linakumbusha milio ya mwaka 2015. Sheria ya mwaka 2009 kuhusu silaha ndogo inamkataza raia kumiliki silaha bila kibali, na mimi ni mmoja wa wanaoishukuru. Nilichojua nilikijua kwa njia nyingine. Mama yangu ni mwenyeji wa Ujiji, na kaka yake, mjomba wangu, alifanya kazi miaka mingi kama mfuata nyayo katika kambi za uwindaji wa kitalii huko Moyowosi na Ugalla. Kila akija Bujumbura hushinda kwenye gereji ya baba, maana baba ni fundi wa magari, na Buyenzi ni mtaa wa mafundi. Nilimwomba mjomba anieleze jinsi bunduki ya kuwindia inavyofanya kazi. Bunduki hakuwa nayo. Alichukua kipande cha bomba, springi ya valvu, msumari mnene na waya, akaketi juu ya tairi. Mengi ninayoyaandika hapa yalitoka kwake na kwa baba mchana ule. Mengine niliyasoma baadaye.

Bunduki nyingi za kuwindia ni za komeo. Jina hili linafaa sana, kwa sababu kipande hicho hufanya kazi kama komeo la mlango. Unainua mkono wake, unavuta nyuma, na ganda tupu linaruka nje. Unasukuma mbele, komeo linaichukua risasi mpya na kuiingiza chemba. Unashusha mkono, na mlango umefungwa. Ndani ya komeo mna sindano ya chuma iliyozungukwa na springi yenye nguvu. Katika kule kufungua na kufunga, springi inabanwa. Sindano inataka kuruka mbele lakini haiwezi, kwa sababu jino lake la nyuma limenaswa na kipande kingine cha chuma, ambacho hapa nitakiita kishikizi. Hali hiyo ndiyo tunayoiita kukoki.

"Umewahi kutega panya?" mjomba aliniuliza. Nilisema ndiyo. "Basi bunduki iliyokokiwa ni mtego uliotegwa. Kidole hakirushi kitu. Kidole kinaondoa kile kinachozuia."

Hapo ndipo niliposhtuka kama mwanafunzi wa lugha. Kufyatua ni kukiachia ghafla kitu kilichobanwa au kilichotegwa, na mtego unafyatuka hata kama hakuna mtu karibu. Kiswahili kimeielewa bunduki vizuri kuliko nilivyodhani: hakisemi kwamba tunaisukuma risasi, kinasema tunaachia kitu kilichokuwa kimeshikwa. Ukivuta kifyatulio, kishikizi kinakosa egemeo na kushuka, jino linaachiwa, sindano inapiga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, fataki inawasha baruti. Sehemu ambayo chuma kinagusana na chuma kati ya jino na kishikizi ni ndogo. Usalama wa watu wote walio mbele ya bunduki iliyokokiwa umeegemea upana huo.

Ndiyo maana mafundi wa bunduki waliongeza kizuizi cha usalama, ambacho wafanyakazi wa kambi za uwindaji hukiita sefti. Mimi nilidhani sefti zote ni sawa. Baba, ambaye kabla ya mchana ule hakuwahi kuizungumzia bunduki mbele yangu, ndiye aliyenionyesha kwamba sivyo. Alichukua mfano wa gari lililoegeshwa mlimani. Unaweza kulizuia kwa njia tatu. Ya kwanza, umwambie dereva asiguse kitu. Ya pili, uvute breki ya mkono. Ya tatu, uweke jiwe chini ya tairi. Zote tatu zinaitwa kuzuia, alisema, lakini fundi anayelala chini ya gari anajua tofauti yake.

Sefti nazo ziko hivyo. Kuna zinazofunga kifyatulio peke yake: kidole hakiwezi kukivuta, lakini kishikizi kikiteleza kwa sababu ya kulika au mshtuko wa kuanguka, hakuna kingine cha kuizuia sindano. Huyo ni dereva aliyeambiwa asiguse kitu. Kuna zinazokamata kishikizi kisishuke. Hiyo ni breki ya mkono, nzuri maadamu vipande vyake ni safi na vimekaa mahali pake. Na kuna zinazoishika sindano yenyewe, zikaivuta nyuma kidogo na kuitenga kabisa na kishikizi. Hata kishikizi kikianguka, sindano haiendi popote. Hilo ndilo jiwe chini ya tairi.

Jiwe hilo lina historia inayotugusa. Mwaka 1897 Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi Usumbura, mahali ambapo leo ni Bujumbura. Mwaka uliofuata, 1898, jeshi lao huko Ulaya lilikubali bunduki ya Paul Mauser ambayo muundo wake umeigwa na viwanda vingi vya bunduki za kuwindia hadi leo. Askari wengi weusi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani hawakuipata mapema. Vita vilipoanza mwaka 1914, wengi wao walikuwa bado na bunduki ya mwaka 1871 inayotoa moshi mzito. Nyuma ya komeo la Mauser ya 1898 kuna kibawa kidogo kinachogeuzwa kwa kidole gumba. Kikilala kushoto, bunduki iko tayari kupiga. Kikilala kulia, sindano imeshikwa na komeo limefungwa. Kikisimama wima katikati, sindano bado imeshikwa, lakini komeo linafunguka.

Mjomba alirudia mara mbili habari ya kibawa kusimama wima, akinionyesha kwa waya. Kikiwa katika hali hiyo unaweza kutoa risasi chemba bila kuuondoa usalama hata kidogo. Winchester wa Marekani walitumia fikra hiyohiyo ya hali tatu katika bunduki yao ya Model 70 ya mwaka 1936, na wawindaji wengi wa mbuga za Afrika Mashariki waliipenda.

Bunduki nyingine zina hali mbili tu: kupiga na kutopiga. Na katika baadhi ya hizo, sefti inapozuia kupiga inalifunga na komeo pia. Nilimuuliza mjomba kwa nini mtu atengeneze kitu kama hicho. Alinijibu kwamba si ujinga. Katika msitu wa miombo, tawi linaweza kuunasa mkono wa komeo na kuuinua bila mwenyewe kujua. Siku ya kukutana na nyati, anavuta kifyatulio na hakuna kitu. Komeo lililofungwa linamwokoa mtu huyo. Lakini kila ulinzi una bei yake. Bei ya ulinzi huu hulipwa jioni, kambini, wakati wa kutoa risasi: lazima kwanza uirudishe bunduki katika hali ya kupiga.

Jambo hili liliwahi kuitikisa Marekani. Kampuni ya Remington ilianza kuuza bunduki yake ya Model 700 mwaka 1962, na kwa miaka 20 ya mwanzo sefti yake ililifunga komeo namna hiyo. Mwaka 1982 kampuni iliondoa kifungo hicho katika bunduki mpya, lakini za zamani zilibaki mikononi mwa watu. Mwaka 2000, katika jimbo la Montana, mama mmoja alikuwa akitoa risasi katika bunduki ya familia baada ya mawindo. Aliposukuma sefti, bunduki ilifyatuka, na mtoto wake wa miaka 9 akafa. Mama alisema kidole chake hakikugusa kifyatulio. Wakosoaji walidai kwamba katika kifyatulio cha bunduki hizo kulikuwa na kipande kidogo ambacho kingeweza kukosa kurudi mahali pake kwa sababu ya uchafu au kutu. Sefti ikiondolewa, kishikizi kinakuta hakuna cha kukiegemea. Kampuni ilikana kwamba muundo wake una kasoro. Hata hivyo kesi ziliendelea, na mwaka 2017 mahakama ya Marekani iliidhinisha makubaliano ya kubadilisha vifyatulio vya mamilioni ya bunduki bila malipo.

Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya muda mrefu. Simjui mzee wa Katumba alikuwa na bunduki ya kiwanda gani, na siwezi kusema kwamba chuma chake kilikuwa na ugonjwa huohuo. Lakini mpangilio wa matendo ni mmoja: jioni, mwisho wa mawindo, mtu mwangalifu anatoa risasi, bunduki inamlazimisha kuondoa usalama ili aweze kuwa salama. Kwa hiyo shangazi, aliyesema bunduki haina kidole, hakuwa na haki yote. Bunduki haihitaji kidole. Inahitaji tu kitu kinachoishikilia kiachie.

Lakini sikuweza kuishia hapo, kwa sababu mjomba hakuishia hapo. Ni lazima uelewe kazi ya mfuata nyayo. Yeye hutembea mbele, macho yake yako ardhini, akisoma majani na mavumbi. Nyuma yake anakuja mgeni mwenye bunduki, pengine mtu aliyemfahamu jana tu. Kwa miaka yote ile mgongo wa mjomba ulikuwa mbele ya sefti ya mtu mwingine. Alisema alijifunza kuisikiliza kama anavyosikiliza nyuki: ule mlio mdogo wa chuma nyuma yako, na huoni ni wa kufunga au wa kufungua. Kwa hiyo kambi zenye utaratibu zilikuwa na kanuni zake. Kabla ya kupanda gari, chemba iwe tupu. Kabla ya kuingia kambini, chemba iwe tupu. Anayetoa risasi asimame pembeni, peke yake, mdomo wa bunduki ukielekea ardhini au mahali pasipo na mtu wala hema. Naye mfuata nyayo, akiona mdomo unamtazama, ana ruhusa ya kumwamuru hata bilionea.

"Sefti ni chuma," mjomba alisema. "Chuma kinalika, kinashika mchanga, mafuta yake yanaganda. Mimi sikumuuliza mtu bunduki yake ina sefti gani. Nilikuwa nauliza mdomo uko wapi."

Nilimuuliza kama siku hizi hakuna bunduki isiyo na hatari hiyo. Alijibu kwamba zipo zilizokaribia. Kampuni ya Kijerumani ya Blaser, katika bunduki yake ya R93 iliyotoka mwaka 1993, haikuweka kizuizi cha kuishika springi iliyobanwa. Iliacha springi isibanwe kabisa. Risasi inaweza kuwa chemba, lakini mtego haujategwa. Mwindaji husukuma kitufe kwa kidole gumba pale tu anapotaka kupiga, na asipopiga anakirudisha. Hata hizo, alisema, wao waliziambia zielekee ardhini.

Sasa narudi kwenye sarufi, maana mwalimu wetu atauliza iko wapi. Kiswahili kinatupa njia nne za kusema lililotokea porini. Bunduki ilijifyatua: kosa ni la bunduki. Bunduki ilifyatuliwa: yuko mtu, ingawa hatajwi. Mzee aliifyatua bunduki: mtu ametajwa, na kila msikilizaji ataona kidole kwenye kifyatulio. Bunduki ilifyatuka: kitu kilichoshikwa kiliachia, na swali la nani linabaki wazi. Baada ya mchana ule wa gereji, ya nne ndiyo ninayoiona kuwa ya kweli. Lakini hata hiyo haitoshi, kwa sababu inasimulia yaliyotokea ndani ya komeo tu. Kuna sentensi ya tano ambayo haikuandikwa na polisi, na haina kitenzi cha kufyatua ndani yake: mdomo wa bunduki ulikuwa umeelekea upande wa moto. Bunduki kufyatuka kulihitaji chuma. Ndugu yangu kufa kulihitaji chuma pamoja na mwelekeo, na mwelekeo haumo katika springi.

Desemba iliyopita dada yangu aliolewa, na baba mdogo alikuja Bujumbura. Shangazi naye alikuja. Asubuhi ya Jumapili, baada ya harusi, baba aliniita gereji mbele yao wote wawili, akaniambia, "Waeleze ulivyotueleza." Nilichukua bomba, springi, msumari na waya. Niliwaeleza kishikizi, nikawaeleza sefti ya hali mbili na ya hali tatu, nikawaeleza mama wa Montana. Shangazi alisikiliza akiwa amekunja mikono. Nilipofika kwenye kuondoa kizuizi ili komeo lifunguke, alisema polepole, "Kwa hiyo hakugusa." Nikamwambia, "Shangazi, inawezekana kabisa hakugusa." Alitazama chini.

Baba mdogo hakuwa ameuliza lolote. Alichukua lile bomba mkononi, akaligeuza huku na huku, akaliinamisha mpaka likagusa sakafu.

"Kama angeliweka hivi?" aliuliza.

"Risasi ingeingia ardhini, baba mdogo."

"Na sauti ingekuwa ileile?"

"Ileile."

Alibaki ameshika bomba. Nilijua nimempokonya kitu, maana amri ya Mungu ni mto wa kulalia, na mimi nilikuwa nimeuvuta. Lakini yeye ndiye aliyeuliza, na swali lake lilikuwa sahihi kuliko maswali yangu yote. Halafu akasema kwamba yule mzee bado yuko hai, ni kipofu sasa, na kwamba tangu mazishi hajawahi kupita mbele ya nyumba yao mchana. Alisema kwamba kwa miaka hii yote alimwambia amemsamehe, lakini hawajawahi kukaa wakazungumza kilichotokea, kwa sababu maelezo ya polisi yalikuwa yamekwisha kusema kila kitu kwa neno moja.

Jumanne alipanda basi kurudi Tanzania. Shangazi alimsindikiza hadi kituoni na kumbebea mfuko wa unga wa mihogo. Baba mdogo aliniomba nimwandikie kwenye karatasi, kwa Kiswahili chepesi, yale niliyoyasema kuhusu komeo na sefti, ili amsomee mzee. Niliandika ukurasa mmoja. Neno ilijifyatua sikulitumia. Niliandika ilifyatuka, na chini yake nikaandika habari ya mdomo wa bunduki, nikamwachia yeye aamue kama atafika kwenye mstari huo.